Kulia tena? Kumbukumbu zangu za Orange Bowl, uwanja wa zamani wa Miami

(Haya niliyaongea Jumapili kwenye bonanza la klabu yetu ya jogging pale Temeke, nimeyaandika kama nilivyoyasema, pale mlipocheka nimeacha.)

Shikamooni wazee wangu, na nyie mliokimbia asubuhi kutoka Mbagala mpaka hapa poleni na jasho. Ndugu mwenyekiti asante kwa kipaza, umesema dakika ishirini, mi nakujua, ukianza kunipungia mkono nitajifanya sijakuona.

Hiki kiti mnachokiona hapa pembeni, hiki cha plastiki cha rangi ya machungwa, kuna dogo kaniuliza kama ni cha kinyozi. Sio cha kinyozi. Kimekuja kwenye kontena pamoja na friji na magodoro, wife alitaka kukiacha kulekule akasema unasafirisha kiti kimoja kibovu kuvuka bahari una akili kweli, nikamwambia friji naweza nikaiacha, hiki hapana. Angalieni hapa chini, bolti zake zina kutu mpaka leo, nimekataa kuzibadilisha. Hiki kiti kimetoka Orange Bowl, Miami, jimbo la Florida, uwanja ambao haupo tena, wameubomoa 2008.

Sasa najua mtaniambia we mzee mpira wa Marekani unatuhusu nini, ule wa kushika na mikono na kuvaa mahelmeti. Subirini kidogo. Hapo nyuma yetu mnaona nini? Shamba la Bibi. Na pembeni yake ule mkubwa, wa Mkapa, uliofunguliwa 2007. Sisi wa umri wangu tulioruka ukuta wa Shamba la Bibi tukiwa wadogo, tunajua kabisa kwamba ule mpya ni mzuri, una viti, una choo, na bado ukitaja mechi ya kweli ya Simba na Yanga roho inaenda kwenye ule wa zamani wa kubanana. Basi mwaka uleule wa 2007 ndo timu yangu ya kule nayo iliuhama uwanja wake wa zamani, tofauti ni kwamba sisi wa kwetu tumebaki nao na wao wa kwao wakapiga chini.

Timu yenyewe ni ya chuo. Hapo huwa watu hawanielewi, jamani kule Marekani timu ya wanafunzi wa chuo inajaza watu elfu sabini, sio utani, kuna viwanja vya vyuo vinaingiza zaidi ya laki moja. Chuo Kikuu cha Miami, wanaitwa Hurricanes, yaani vimbunga, na alama yao ni ndege kwarara, kwa sababu wanasema kimbunga kikija kwarara ndo wa mwisho kukimbia na wa kwanza kurudi. Uwanja ulifunguliwa Desemba 1937, mwanzoni ukiitwa Burdine, jina la Orange Bowl likaja 1959. Na haukuwa chuoni, chuo kiko Coral Gables, uwanja ulikuwa katikati ya mtaa wa Wakuba unaitwa Little Havana, nyumba ndogondogo za chini, kuku wanazurura, wazee wanacheza domino, na katikati ya vile vijumba limesimama dude la chuma utadhani meli imepanda nchi kavu.

Nilifika Miami 1999. Nilikuwa naosha vyombo kwenye hoteli moja ufukweni, siitaji, walinidhulumu mshahara wa wiki mbili na nilishawasamehe karibu wote. Chumba nilipanga Little Havana kwa sababu ndo bei yangu ilipofika. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kikuba, mjane, mfupi, mashati yake yote yamepigwa pasi, Kiingereza chake kibovu na changu wakati ule kibovu zaidi, ndo maana tulielewana. Alikuwa ananiita Afrika. Sio jina langu, Afrika tu. "Afrika, maji yamekatika." "Afrika, kahawa." Mi nilimwita Mzee, akauliza maana yake, nikamwambia, akaipenda, mpaka majirani zake wa Kikuba wakawa wanamwita Mzee.

Jumamosi ya kwanza ya mechi mi sijui hili wala lile, asubuhi naona Mzee anatoa viti barazani, anafunga kuku, anafungua geti, ananipa kipande cha boksi kimeandikwa dola 20 na bendera nyekundu. Kazi yangu: simama barabarani, pungia magari. Ule uwanja ulikuwa hauna paking ya kutosha, kwa hiyo mtaa mzima unageuka paking, majani ya mbele ya nyumba, uani, mpaka chini ya miembe. Kwa Mzee yalikuwa yanaingia magari tisa, na kumi kama kuna dogodogo. Siri ya biashara ilikuwa kumuahidi mteja kwamba hatafungiwa na gari la nyuma, atatoka muda anaotaka, ukimdanganya hapo wiki ijayo anaenda kwa jirani. Mzee alikuwa anapanga magari kama mtu anayepakia mashua, hili la wale wanaoondoka mapema lije mbele, hili la walevi liende ukutani, watatoka usiku wa manane. Na alikuwa hakosei, anawajua kwa sura.

Wenyewe wakishapaki wanafungua buti, wanatoa majiko ya mkaa, nyama, bia, muziki, mechi saa moja jioni wao wako pale tangu saa nne asubuhi. Na Wakuba nao hawalali, huyu anauza mikate yenye nguruwe na chizi iliyobanwa kwenye chuma cha moto, yule kahawa ya vikombe vidogo kama ile yetu ya wazee wa kwenye mabao. Mi Muislamu, mikate ile nilipita nayo mbali, lakini kahawa nilikunywa mpaka mikono inatetemeka. Nafikiri hiyo ndo ilinifanya nihisi nipo nyumbani kabla sijajua hata sheria moja ya mchezo.

Kuingia ndani mara ya kwanza ni mteja mmoja alinipa tiketi, rafiki yake hakuja. Jamani. Nilikuwa nimezoea zege. Kule majukwaa ni ya chuma, na watu hawapigi makofi, wanapiga miguu, maelfu ya watu wanakanyaga chuma kwa wakati mmoja, unasikia jukwaa linacheza chini yako, kabisa, soda kwenye kikombe inafanya vimawimbi. Nikamshika mtu nisiyemjua nikamwambia linaanguka hili! Akacheka akaniambia tangu baba yake linaanguka. Halafu timu inatokea, haitokei hivihivi, inatoka kwenye moshi, desturi ya tangu miaka ya 1950, moshi mweupe mzito na vijana wanautoboa wanakuja mbio, mi nilipiga kelele na timu yenyewe siijui. Upande wa magharibi ndo kulikuwa na wendawazimu wote, upande wa mashariki umeachwa wazi, unaona minazi na majengo ya mjini, jua likizama nyuma yako yale maghorofa yanakuwa ya dhahabu. Ikifika kwota ya nne, kipindi cha mwisho, uwanja mzima unainua vidole vinne juu. Harufu ya vyoo siisimulii, kuna chakula mbele yenu.

Sasa mnaopenda takwimu mnisikilize. Kuanzia Oktoba 1985 mpaka Septemba 1994 hii timu haikufungwa nyumbani. Mechi 58 mfululizo, rekodi ya vyuo vyote Marekani. Mtoto anazaliwa, anaota meno, anaanza shule, anafika darasa la pili, hajawahi kusikia timu yao imefungwa pale. Ilikuja kuvunjwa na Washington 38 kwa 20. Makombe ya taifa wamebeba matano, 1983, 1987, 1989, 1991 na 2001, na matatu kati ya hayo walimalizia palepale Orange Bowl.

Lile la kwanza, la msimu wa 1983, wazee wa mtaani walikuwa wananisimulia utadhani ni vita ya Majimaji. Januari 1984, Miami na Nebraska, na Nebraska ule mwaka walikuwa moto, hawajafungwa na mtu. Miami wanaongoza 31 kwa 24, zimebaki sekunde 48, Nebraska wanapata tachidauni, yaani wameufikisha mpira mwisho wa uwanja, pointi sita, 31 kwa 30. Sasa kule baada ya tachidauni una uchaguzi, piga teke uchukue pointi moja, ni rahisi kama penalti bila kipa, ngoma inakuwa droo, na kwa droo ile Nebraska kombe walikuwa karibu wamelishika. Au jaribu kuingiza tena mpira upate mbili, ushinde kabisa, ukikosa umekwisha. Kocha wao, Tom Osborne, akakataa droo. Akaenda kwa mbili. Kwotabeki, yule mrushaji wao wa mpira, akarusha, beki wa Miami anaitwa Kenny Calhoun akaugusa mpira kwa ncha za vidole, basi, ukaanguka. Na mi huwa nasema hadharani hata mbele ya watu wa Miami, yule kocha wa Nebraska namheshimu kuliko wote waliokuwepo usiku ule. Sisi huku mtu anaongoza moja bila dakika ya sitini kipa anaanza kulala chini.

Na mwaka huohuo, Novemba 1984, uwanja uleule ukawaadhibu Miami. Boston College wana kijana mfupi, Doug Flutie, Miami wanaongoza 45 kwa 41, zimebaki sekunde sita. Akarudi nyuma, akakimbia kidogo, akarusha dua, mpira umesafiri zaidi ya yadi 60 angani ukapita juu ya mabeki wote ukadondokea kifuani kwa mwenzake, Gerard Phelan. 47 kwa 45. Mteja wangu mmoja wa paking alikuwepo, alikuwa kijana, aliniambia alishaanza kushuka ngazi kuwahi gari, akasikia ukimya. Anasema alijua kwa ukimya.

Hapo ndo nataka kurudi kwa Mzee. Mzee alikaa mita kama mia mbili kutoka uwanjani na alikuwa haingii. Hata tiketi ya bure hataki. Anakaa barazani na redio ndogo ameizima, ameizima kabisa, anasikiliza uwanja wenyewe. Na anajua kila kitu. Kelele fupi, wamezuia. Kelele ndefu inayopanda, tachidauni. Kelele inayopanda halafu inakatika kama umeme wa Tanesco, wameotea. Mi narudi mbio kumpa matokeo yeye ananipa matokeo.

Oktoba 2000 tulicheza na Florida State, hao ndo Yanga wetu, na walikuwa namba moja nchini. Tunaongoza 27 kwa 24, wao wanapata teke la mwisho la kusawazisha, hili la kupitisha mpira kati ya nguzo lina pointi tatu. Sasa lazima mjue kwamba hawa jamaa walishakosa teke kama hilo dhidi yetu 1991 kwao Tallahassee, mpira ukapita kulia kwa nguzo, 1992 hapohapo Orange Bowl, ukapita kulia tena, ni kama laana. Kijana akapiga. Ukapita kulia. Mi sikumbuki niliteremkaje yale majukwaa, najikuta getini kwa Mzee sina kiatu kimoja, Mzee hata hajasimama, ananiangalia tu, anauliza, "Kulia tena?" Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani. 2002 wakarudi, tuko mbele 28 kwa 27, teke la mwisho lao tena, wakakosa, nikaja mbio, Mzee: "Kulia?" Nikamwambia Mzee safari hii kushoto. Akafikiria weee, akasema, "Wanajifunza."

Kwa nini haingii, hilo alinijibu baada ya miaka minne, na sio kwa kuulizwa. Tulikuwa tunafagia vikombe uani baada ya ile mechi ya Septemba 2003 na Chuo Kikuu cha Florida, ile tulikuwa nyuma 33 kwa 10 tukarudi tukashinda 38 kwa 33, watu hawaondoki, wanaimba mtaani. Akasema tu, mi nimelala mle ndani. Nikadhani Kiingereza. Akasema hapana, nimelala, kitanda. Alikuja 1980 na zile boti za kutoka bandari ya Mariel, Wakuba zaidi ya laki moja walivuka ndani ya miezi michache, na Miami hakuna pa kuwaweka, wale waliokuwa hawana ndugu wa kuwapokea wakawekwa Orange Bowl, chini ya majukwaa, vitanda vya turubai vimepangwa mistari. Yeye alikuwa mmoja wao. Anafua shati anaanika kwenye chuma cha jukwaa. Wiki kadhaa. Halafu msimu wa mpira ukakaribia, wakaambiwa tokeni, uwanja unahitajika, wakahamishiwa mahema chini ya barabara ya juu. Sasa ndo nikaelewa, mtu anapokuambia ingia tuangalie mpira na yeye alitolewa mle kupisha mpira.

Lakini angalieni alichofanya, alipopata hela alinunua nyumba wapi? Mita mia mbili kutoka palepale. Sikuwahi kumuuliza. Na ule uwanja kwa Wakuba una mambo mengi, Kennedy, rais wa Marekani wa wakati ule, alisimama pale Desemba 1962 mbele ya wapiganaji wa Kikuba waliojaribu kumpindua Castro wakaishia jela zake, akapokea bendera yao akaahidi itarudishwa Havana iliyo huru. Haijarudi. Mzee wakati huo alikuwa upande wa pili wa maji, anasema yeye siku hiyo alikuwa anakata miwa.

Na nyie wa soka nisiwasahau, Olimpiki ya 1996 Japani aliwafunga Brazili 1 kwa 0 palepale Orange Bowl, Brazili ya kina Ronaldo, Bebeto na Roberto Carlos. Na Nigeria walifungwa na Brazili palepale kwenye makundi, kabla ya kuja kulipiza nusu fainali na kubeba dhahabu. Haya tuendelee.

Agosti 2007 ikatangazwa chuo kinahama, kinaenda ule uwanja wa timu ya kulipwa, Dolphins, kaskazini, maili ishirini na kitu kutoka chuoni. Sababu zilikuwepo, siwezi kudanganya, uwanja umechoka, kimbunga Wilma cha 2005 kiliukwangua, kutu kila sehemu. Watu wengi wanasema kuhama ndo kumeiua timu, tangu 2001 hawajabeba tena. Mi hilo sikubaliani nalo, timu ilishaanza kuoza kabla, mwaka wa mwisho pale walishinda mechi tano wakafungwa saba, uwanja hauchezi. Ila hasira yangu ni nyingine, ule mpya hauna jirani. Ni uwanja na paking, paking na uwanja, lami mpaka macho yanachoka, hakuna wa kukupungia boksi.

Mechi yetu ya mwisho pale ilikuwa tarehe 10 Novemba 2007, na Virginia. Nilinunua tiketi mbili kwa hela yangu, nikamwambia Mzee leo unaingia, wiki ijayo hautakuwepo wa kuingia. Alipiga pasi shati saa nzima. Magari siku hiyo tulimwachia kijana wa jirani. Wachezaji wa zamani walikuja, watu wazima wanalia, na timu ikacheza vibaya vibaya hujawahi kuona, 48 kwa 0. Arobaini na nane bila! Nyumbani! Siku ya kuaga! Mi nakunja ngumi, Mzee wala haangalii kiwanjani, ananivuta shati, twende. Tukashuka chini ya jukwaa, anahesabu nguzo kwa kidole, anaongea Kihispania peke yake, anarudi, anahesabu tena. Akafika sehemu, kuna jamaa anauza bisi. Akasimama. Akamwambia muuza bisi kwa heshima kabisa, samahani, umesimama kwenye kitanda changu. Yule kijana hakuelewa, akampa bisi za bure. Juu yetu watu wakapiga miguu, sijui kwa nini, nafikiri walishaamua kupiga tu, chuma kikalia kote, kutu ikadondoka kwenye bisi, Mzee akaipuliza akaendelea kula.

2008 mwanzoni wakauza vitu, viti, mabango, mi nikapata hiki. Halafu mashine zikaingia, mpaka ikafika Mei hakuna kitu, barazani kwa Mzee vumbi kila asubuhi, na Jumamosi kimya, kuku hawafungwi tena. Miaka minne hivyo. 2012 wakafungua uwanja wa besiboli palepale, una paa linalofunguka na maghorofa yake ya paking, kwa hiyo biashara ya uani haikurudi kama zamani.

Pale nje ya huo uwanja wa besiboli wasanii walitengeneza ukumbusho, wakazifanyia mfano zile herufi kubwa za jina la uwanja wa zamani, za rangi ya machungwa, kila moja inampita mtu urefu, wakazitawanya chini, nyingine imelala, nyingine imezama nusu ardhini, kama zimedondoka wakati wa kubomoa. Nilimpeleka Mzee kuziona, alikuwa ameshaanza kutembea na fimbo. Akaizunguka ile O, akaigonga na fimbo, akaangalia kushoto na kulia kama anatafuta msimamizi wa kazi, akaniuliza, "Afrika, hawa watu wataziokota lini?"

Mwenyekiti nimekuona, nimekuona, nakaa. Hapana, sio kwenye hicho cha kwako, nakaa kwenye hiki.